Fundi na Nguchiro Aliyemwita Mgeni

Mimi ni mtu wa ndiyo au hapana. Ukiniuliza kama mandazi yangu ni ya leo nitakujibu, na kama ni ya jana nitasema ni ya jana, uchague mwenyewe. Ajabu ni kwamba mtu niliyekaa naye karibu kuliko wote hapa Baraka kando ya Ziwa Tanganyika, jirani yangu wa kibaraza kimoja, hakuwahi kunipa jibu la namna hiyo hata siku moja. Alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikuwa upande wa kushoto wa mlango na jiko langu upande wa kulia, na katikati yetu kulikuwa na gunia la vipande vya vitambaa. Ndani ya gunia hilo aliishi mnyama wake.

Mnyama mwenyewe alikuwa nguchiro. Asiyemjua afikirie kitu chembamba chenye manyoya ya kahawia, kirefu kama mkono wa mtu mzima, chenye pua isiyotulia na macho mekundu ya kuchunguza mambo ya watu. Mkulima mmoja alimleta ndani ya kofia baada ya kuchoma shamba lake la mihogo, mnyama akiwa mdogo hata macho hayajafunguka vizuri. Mkulima alitaka kumpa mbwa wake amle. Fundi akasema, "Lete hapa," na kuanzia siku ile kibaraza chetu kikawa na watu watatu.

Hakumpa jina la maana. Alimwita Mgeni. Nilimwambia mgeni hukaa siku chache halafu huondoka, huyu wako amekuja na kuhamia kabisa. Akanijibu huku akiingiza uzi kwenye sindano, "Mugeni ni mugeni, Mama Furaha. Hata akikaa sana."

Kila mteja aliyepanda kibaraza aliuliza swali lilelile. Mama amekuja kupimwa blauzi ya kwaya, ananyoosha mikono, mara anaona pua inachungulia kutoka kwenye gunia, anaruka.

"Papa Fundi! Ile nyama inaumaka?" Kwetu mnyama huitwa nyama, naye alitaka kujua kama huyu huuma.

"Bado."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake lote. Wengine walicheka. Wengine walikusanya kitenge chao na kwenda kwa fundi mwingine, na mimi nilikasirika kwa niaba yake, maana mteja akiondoka kwake na mandazi yangu hayanunuliwi. Siku moja nilimkabili.

"Bado maana yake nini? Itauma kesho?"

"Kesho mi sijaifikaka."

"Sema tu haiumi! Miaka yote iko hapa, haiyakuuma hata wewe."

"Mukono yangu mi naijua. Yule mama sijue mukono yake itafanya nini."

Nilimwona mkaidi, na mkaidi alikuwa. Lakini hakuwa mkaidi kwa nguchiro peke yake. Mafundi wa nguo mnawajua: nguo yako iko tayari kesho, na kesho ukienda ni kesho tena, na harusi inapita. Huyu wetu hakumtajia mtu siku. Ulimpa kitambaa, ukauliza nije lini, akasema, "Kuya uone," yaani njoo utazame. Kuna familia moja ilimletea kitambaa cha suti ya bwana harusi ikataka aape mbele ya wazee kwamba Jumamosi suti itakuwepo. Akasema, "Naanza leo." Wakachukua kitambaa chao kwa hasira wakampelekea fundi wa pale karibu na gati, ambaye aliapa kwa Mungu na kwa marehemu mama yake. Jumamosi bwana harusi aliingia kanisani amevaa koti la kuazima, na koti hilo lilikuwa la fundi wangu, lile alilovaa siku ya Pasaka tu, nalo lilimpwaya kijana mabegani. Alimpa bila kusema kitu. Mimi ndiye niliyesema, tena kwa sauti, na watu wa harusi walinisikia.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Alikuwa na vituko vyake. Mtu mwenye mnyama wa porini shingoni alikuwa anaogopa mbwa. Mbwa akipita barabarani, hata yule koko wa sokoni asiyeweza kujikuna, fundi alipandisha miguu juu ya kiti. Na ingawa alizaliwa mita chache kutoka ziwani, hakupanda mtumbwi maisha yake yote. Shughuli za Kalemie, safari ya majini, alituma watu wengine. Alisema maji hayana uso, huwezi kuyasoma. Alikuwa na wivu pia. Nguchiro akija kuota moto kwenye jiko langu, fundi alianza kukohoa kikohozi cha uongo mpaka arudi kwake.

Namna alivyomlea ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Tangu mnyama akiwa mdogo alimshika kila siku, asubuhi kabla ya kufungua duka na jioni kabla ya kufunga. Alimgusa masikio, alimfungua mdomo na kumtazama meno, alimshika vidole vya miguu kimoja kimoja, kama mama anayemkata mtoto kucha. Nguchiro mchanga hutafuna kila kitu, na vidole vya fundi vilitafunwa. Hakumpiga. Alitoa sauti kali kwa ulimi, akamweka chini, akamgeuzia mgongo mpaka mnyama mwenyewe arudi kuomba radhi.

"Ukiipiga," aliniambia, "itajua mukono ni kitu ya kupigana nayo."

Halafu kulikuwa na masharti, na aliyarudia kwa kila mtu mpaka nikayashika kama sala. Usiishike mkia. Usiiamshe kwa mkono, iamshe kwa sauti. Ikisimamisha manyoya ya mkia, wewe ondoka, usiulize kwa nini. Watu walidhani masharti haya ni porojo za kuficha dawa. Mfanyabiashara mmoja wa Misisi, aliyezoea watu wa machimbo na hirizi zao, alimvuta pembeni akamwomba amuuzie dawa hiyo ya kufunga midomo ya wanyama. Fundi akamwonyesha kipande cha sabuni ya buluu juu ya ndoo.

Yule bwana alidhani anachezewa. Hakuchezewa. Fundi alikuwa ananawa mikono mara nyingi mno, kwa sababu ya kazi. Ukishona gauni jeupe la komunyo huku mikono yako imetoka kula samaki, mama wa mtoto atakurudishia gauni usoni. Kwa hiyo mikono yake ilinuka sabuni siku zote. Mimi nilikuwa nikiona sabuni ile kila siku, na sikujua kuwa ina uhusiano wowote na meno ya nguchiro mpaka siku Furaha alipoumwa.

Furaha ni binti yangu. Alikuwa mdogo bado hajaanza shule, na alikua karibu na gunia lile, kwa hiyo yeye na Mgeni walijuana sana. Ulikuwa msimu wa ndakala wengi. Mtu wa Baraka anajua siku hizo zilivyo: mchanga wote wa pwani unang'aa kwa samaki wadogo walioanikwa, mji mzima unanuka, na hakuna mkono wa mwanamke wala wa mtoto usionuka ndakala. Furaha alitoka kuwachambua na shangazi yake, akaja akikimbia moja kwa moja kwenye gunia, akanyoosha vidole kama alivyofanya siku zote. Mgeni alinusa samaki, akauma samaki. Kwamba samaki huyo alikuwa kidole cha mwanangu, hilo aligundua baadaye, maana aliachia upesi na kurudi nyuma. Lakini damu ilikwisha kutoka.

Sitaki kuwaambia nilisema nini. Nilimbeba mtoto mpaka kituo cha afya, na muuguzi akaosha kidonda kwa maji na sabuni, muda mrefu mpaka nikachoka kumshika, kisha akamdunga sindano. Niliporudi vijana wa mtaa walikuwa wameshafika na fimbo. Fundi alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye gunia, mikono juu ya magoti. Hakuwa anambembeleza mtu. Aliponiona alisimama.

"Mutoto ni wako," alisema. "Sema wewe."

Nilitaka wamuue Mgeni. Nasema kweli, nilitaka. Kilichomwokoa ni maneno ya muuguzi. Alikuwa amenionya kwamba mnyama akifa leo hatutajua kama alikuwa na kichaa cha mbwa. Aachwe hai, afungiwe, atazamwe kama atabadilika, na mtoto arudi kwa sindano nyingine. Nikawaambia vijana warudi kwao. Fundi akamfungia Mgeni ndani ya tenga la samaki, akamweka mahali ambapo mimi mwenyewe ningemwona kutoka kwenye jiko langu, na kila asubuhi aliniita nitazame: anakula, anakunywa, hana povu. Hakuugua. Wakati anatolewa, hasira yangu ilikuwa imeshapoa, na Furaha alikuwa anamlilia.

Tangu hapo fundi alimfundisha Furaha kunawa. Kila alipokuja, kabla ya kusogelea gunia, alinyoosha mikono yake miwili na fundi akainusa kwa makini kama mzee anayeonja mboga. Ikiwa safi alisema, "Pita." Ikiwa na samaki alionyesha ndoo. Mtoto hakuumwa tena. Na mteja akiuliza kama mnyama anauma, jibu la zamani liliisha. Sasa fundi alisema, "Iliuma mutoto wa Mama Furaha," na kunionyesha mimi kwa mkono ulioshika sindano. Alipoteza wateja wengine kwa ukweli huo. Nilimwambia hakuna aliyemlazimisha kuutangaza. Akasema atakayeumwa kesho atamuuliza kwa nini alinyamaza.

Mke wa fundi alipofariki, nyumba ilijaa watu wa kilio, na Mgeni akawekwa kwangu. Watu walipoondoka, fundi alibaki na nguchiro tu. Niliona namna alivyokuwa. Alishona polepole, alisahau kula, na kama si yule mnyama kumkwaruza suruali jioni kutaka chakula, nadhani asingefunga duka, angekaa pale palepale mpaka giza limkute. Alikuwa akimweka ndani ya koti na kuzungumza naye kuhusu mambo ya nyumbani, ufagio uko wapi, paa linavuja upande gani. Nilisikia na nikajifanya naangalia mafuta yangu.

Ndipo ikaja habari kwamba binti yake wa pekee anarudi. Riziki alikuwa Lusenda, akiuza vitenge karibu na kambi ya wakimbizi. Mume wake alikwenda Misisi kutafuta dhahabu na hakurudi tena wala kutuma neno, na Riziki alibaki na mtoto mchanga wa kiume. Fundi alipopata habari alifagia nyumba mwenyewe. Alishona mito mipya. Alicheka peke yake. Ila jambo moja lilijulikana na wote: Riziki alikuwa anaogopa wanyama, na alishasema kwa simu kwamba hatalala chini ya paa moja na nguchiro akiwa na mtoto anayekaribia kutambaa.

Siku aliyofika sikuwa nimekwenda kibarazani, akapitia nyumbani kwangu kwanza, mtoto mgongoni, mzigo bado kichwani.

"Mama Furaha, we uko na mutoto mwenye alikulia pale. Niambie mi kweli. Ile nyama ya Papa inaumaka?"

Nilimtazama mtoto. Alikuwa na mashavu manene, vidole vyake vyote vimo mdomoni, vimelowa maziwa. Nilimfikiria fundi na ile nyumba iliyofagiwa. Neno moja tu, hapana, na Riziki angeingia ndani kwa baba yake, na mzee angekuwa na binti, mjukuu na mnyama wake, wote pamoja. Nililitaka neno hilo kwa moyo wote. Nikamwambia, "Iliuma wangu mara moja. Alikuwa na ndakala ku mikono. Toka ile siku, hapana."

"Na wangu? Mikono yake iko na maziwa kutwa nzima."

"Sijue, Riziki."

Aligeuka na mzigo wake kichwani aende akamwambie baba yake kwamba anarudi Lusenda. Nikamfuata, kwa sababu sikutaka mzee asikie peke yake. Tulimkuta kibarazani anapiga pasi kanga ya mtoto. Gunia la vipande lilikuwa halipo. Asubuhi ile, kabla hata watu hawajawasha majiko, alikuwa amepanda pikipiki na tenga mapajani mpaka milimani, Fizi, kwa binamu yake mwenye shamba la karanga linalosumbuliwa na nyoka, akamwacha Mgeni huko na kurudi.

"Papa, mi sikukuomba bado," Riziki alisema.

"Njo maana nimeifanya mbele ya kuombwa."

Baadaye, tulipobaki wawili, nilimuuliza kwa nini, yeye aliyemlea mnyama mpaka akamfungua mdomo na kumhesabu meno, asingemwamini hata kidogo na mjukuu wake, kwa kumchunga.

"Mi naiamini. Mukono yangu naweza kuitia mu mudomo yake sasa hivi, ni mukono yangu. Lakini kidole ya mutoto si yangu, Mama Furaha. Sina ruhusa ya kuamini na kidole ya mwingine."

Ungedhani watu wangemsifu. Wapi. Walewale waliokuwa wakiruka na kukusanya vitenge vyao walianza kumlaumu. Mzee, ile nyama ilikuwa na shida gani? Uliifukuza bure, ilikuwa na akili kama mtu. Panya wameanza kurudi kibarazani. Kila mmoja alikuja na kumbukumbu yake tamu ya Mgeni, na fundi aliinamisha kichwa juu ya cherehani. Mjukuu alianza kutambaa, kisha kusimama kwa kushika kiti, na fundi alimpenda kupita kiasi, lakini mara nyingine nilimwona anavitazama vile vidole vidogo vilivyo vizima na uso wake unakuwa kama wa mtu aliyeshtakiwa. Alikonda. Riziki alidhani ni ugonjwa akampeleka kupimwa. Hakukuwa na ugonjwa.

Kiangazi kilichofuata nilikuwa na shughuli Fizi, mambo ya shule ya Furaha, na fundi akaniomba aende nami. Tulipanda pikipiki mbili. Njia nzima alikuwa mbele yangu, mgongo wima, amevaa lile koti la Pasaka, kama mtu anayekwenda ofisini kusikiliza majibu. Nilipomaliza shughuli zangu tulikwenda kwa binamu.

Mke wa binamu alitupokea na kutupa viti nje. Tulipomtaja Mgeni alicheka na kumwita mumewe aje aonyeshe dole gumba. Lilikuwa na kovu jipya, limevimba.

"Ile nyama inatusaidia, nyoka hakuna tena," mama yule alisema. "Lakini ikiwa na yai, usisogee! Huyu alitaka kuinyang'anya yai ya kuku, ikamupasua."

Fundi alisikiliza vizuri sana. Kisha akaomba yai.

Alitoka peke yake mpaka ukingoni mwa shamba, akaketi chini na kupiga ulimi. Mgeni alitokea kwenye majani ya karanga, amenenepa, manyoya yamekuwa ya porini, akasimama kwa miguu ya nyuma kutazama. Fundi akaviringisha yai. Mnyama alilidaka, akaligeuzia mgongo na kulirusha kinyumenyume kwenye jiwe kama wafanyavyo nguchiro, likapasuka, akaanza kulamba. Hapo ndipo fundi aliponyoosha mkono na kulifunika yai.

"Papa Fundi!" nilipiga kelele.

Mkia ulisimama manyoya yote. Mgeni alikoroma, mdomo wazi, meno juu kabisa ya vidole vile. Fundi hakuondoa mkono. Aliusukuma mbele kidogo, nami niliona wazi kwamba anausukuma makusudi. Tulikaa hivyo, sote watatu, sijui muda gani. Kisha nguchiro alinusa vidole. Manyoya yalilala. Alikanyaga yai, akapanda mkononi mpaka begani, akaingia ndani ya koti na kujikunja humo kama zamani.

Niliketi karibu yake. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Nikamwambia aone basi, mnyama hamjasahau, anampenda, haumi. Fundi alikuwa analia, machozi yanashuka mpaka kwenye kidevu na yeye hayafuti kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umelowa yai na mwingine umeshikilia koti lisifunguke.

"Mama Furaha," alisema, "mi nilikuya ili iniume."

Nikamuuliza kwa nini.

"Ingeniuma, ningejua nilifanya vizuri kuileta huku. Ningerudi nyumbani nilale."

Mtu wa ndiyo au hapana nilitafuta ndiyo, nikatafuta hapana, sikupata hata moja ya kumpa. Tuliketi pale mpaka mnyama alipoamka mwenyewe, akashuka, akarudi kwenye karanga bila kugeuka. Fundi akasimama, akafunga vifungo vya koti vyote, akasema twende, mtoto atakuwa anamngoja.